Simu Moja, Wajukuu Watatu

"Hivi mwenzangu, cherehani na kompyuta vimejuana lini?" Ndivyo jirani yake, muuza mboga, alivyomuuliza Mama Pindo aliposikia shule imemwita kwenye kamati ya kuchagua mfumo wa kusomea kwa simu. Mama Pindo, aliyeshona sare za nusu ya watoto wa shule ile, alimjibu kwamba hata yeye hajui, ndiyo maana anakwenda kuona.

Udadisi alizaliwa nao. Cherehani yake ya kwanza aliifungua yote siku ile ile aliyoipata. Alipoirudishia, skrubu moja ikabaki mkononi. Mungu si mchoyo, ikashona hivyo hivyo miaka kumi na minane.

Basi kwenye kikao hakutulia. Muuzaji wa kwanza alimulika ukutani mfumo wenye rangi tele, mtoto akipata jibu nyota zinaruka. Walimu wakaupenda pale pale. Mama Pindo akauliza mtandao ukikatika kazi ya mtoto inakwenda wapi, na mwalimu akikosea nani anamsahihisha. Muuzaji akajibu kwa adabu, huku akijifuta jasho. Ndipo Mama Pindo akamwambia kwamba analea wajukuu watatu, madarasa matatu, na simu nyumbani ni moja. Wataingiaje?

Akaelezwa kuwa kila simu husajiliwa kwa mwanafunzi mmoja tu, kwa ajili ya usalama.

"Na hao wawili, baba?"

Mwalimu wa hesabu akadakia, "Mama Pindo, si una mkasi? Igawe mara tatu."

Wakacheka, naye akacheka nao. Lakini akilini alishawaona wajukuu wawili wakikaa kando, mmoja akisoma.

Mfumo wa pili ulikuwa mkavu, hauna hata nyota. Muuzaji wake alisema simu moja inabeba hata watoto watano, kila mmoja na neno lake la siri. Mama Pindo angeweza kuurukia, lakini kwa fundi kitambaa hakisifiwi dukani, husifiwa kikishafuliwa. Na walimu macho yao yalikuwa bado kwenye nyota.

Mwalimu mkuu alipoanza kugawa karatasi za kura, Mama Pindo alisimama na simu yake mkononi.

"Mwalimu, naomba kura ingoje Jumatatu. Niwekeeni huu wa pili kwenye simu yangu, wajukuu wangu wote watatu waujaribu nyumbani kwanza."