Swali Lililovunja Mkono wa Kassimu

Rungu la kwanza lilimpata Kassimu begani, la pili mdomoni. Akaanguka kwenye tope la ndiva, bwawa la udongo linalomwagilia mahindi ya kijiji cha Maore. Asubuhi hiyo lilikutwa tupu. Zamu ya mwisho ya maji ilikuwa yake, na mwenye zamu ya mwisho ndiye anayeziba mlango wa bwawa.

"Jana ulifungua mlango, hukufungua?" alinguruma Sylvester, mwenye rungu, wakulima wenzake wamemzunguka.

"Nilifungua, lakini..."

Rungu tena. Mfupa wa mkono ukalia kama bua kavu.

"Kakubali! Mmalizeni!" Sylvester aliwapigia wenzake kelele.

Hedwiga, mama mtu mzima, alitoka mbio shamba la jirani, jembe mkononi. Ujanani aliwahi kuwatembeza watafiti wa mambo ya maji nyumba kwa nyumba, akiwatafsiria Kipare. Walimgombeza kila alipowatilia watu jibu mdomoni, mpaka akashika: kuna swali la kutafuta na kuna swali la kuhitimisha. Ukianza na hilo la pili, unaondoka na jibu ulilokuja nalo.

Akajitupa juu ya Kassimu. Jiwe alilorushiwa kijana likampasua yeye paji la uso.

"Toka, mama, utaumia!" Sylvester alifoka.

"Nimeshaumia, mjinga wewe! Nani hafungui siku ya zamu yake? Kwa swali hilo hata wewe ungeuawa." Akamwinamia Kassimu, damu yake ikimdondokea kijana shingoni. "Mwanangu, maji uliyaachaje?"

Kassimu akatema jino. "Niliziba kwa migomba na udongo. Ila kule ukutani yalikuwa yanachuruzika, machafu. Nikaona ni kidogo, nikaenda zangu."

Wakaenda kutazama. Migomba ilikuwa imebana mlangoni vilevile. Chini ya ukuta palikuwa na shimo la fuko, maji yamelipanua. Hedwiga akasukuma mpini wa jembe, ukazama wote.

"Haya, sasa nakuuliza mimi swali lako la ndiyo au hapana. Shimo hili limechimbwa na mtu?"

"Hapana," alisema Sylvester. Rungu likamtoka mkononi.

Kassimu aliporudi nyumbani kutoka hospitali, mkono umefungwa hogo la plasta, Sylvester alimkuta Hedwiga akimlisha uji. Akasimama mlangoni, kofia kifuani.

"Shikamoo, mama. Kassimu, umenisamehe au hujanisamehe?"

Kassimu akageukia ukutani.

"Marahaba. Umeanza tena," alisema Hedwiga, akamsogezea kigoda. "Kaa hapo. Kwanza mwulize mkono unamwumaje."