Mama wa Kompyuta na Salamu Zetu

Mimi ni mtu wa kusema taratibu, na kuandika ndiyo taratibu zaidi. Niliishia darasa la saba. Sasa nalea watoto wa chekechea pembeni ya Bariadi, kwenye chumba tulichopewa na kanisa. Watoto siwaogopi. Ninaowaogopa ni watu wazima.

Mwaka jana mratibu wetu alituletea kompyuta. Ndani mlikuwa na video za mama mmoja mwenye gauni la njano anayefundisha kuhesabu.

"Binti, narudi baada ya wiki mbili," mratibu akaniambia. "Nikikuta watoto hawaitumii, naipeleka Nassa. Wenzako kule wanaililia."

Niliitaka ibaki. Darasani hatukuwa na kitu kingine cha kufundishia, ukitoa chaki.

Asubuhi ya kwanza nikaiwasha. Mama akatokea, akatabasamu. Wasichana wote wakapiga magoti, wavulana wakainamisha vichwa, kama wanavyofundishwa nyumbani wakikutana na mkubwa.

"Mwangaluka, mayu," wakamsalimia mama kwa Kisukuma.

"Moja," mama akasema.

Huku kwetu mtoto hainuki mpaka aitikiwe. Mama akafika tano, akafika kumi, akaanza na kuimba, watoto bado wako chini wanasubiri.

"Haitikii," mmoja akanong'ona.

"Labda kiziwi."

"Kiziwi gani anaimba?" akasema binti mmoja wa wafugaji, mdogo kuliko wote. "Ana dharau tu huyo."

Wakamsusa. Kila nikiwasha, wanageuza migongo. Nikawaeleza kwamba mle ndani hakuna mtu, ile ni picha.

"Sasa picha itatufundishaje, na kusalimiana haijui?" yule binti akaniuliza.

Zilipobaki siku tatu, nikajifungia darasani mchana watoto wakiwa wameshakwenda, nikajirekodi kwa kamera ya kompyuta ileile. Nilifuta mara nyingi. Mara nimesahau nne, mara kuku kaingia. Mwisho nikapata video moja ya kufaa: nimekaa, nanyamaza kidogo ili wanisalimie, naitikia "Mwangaluka, wanangu, mhola?", nikiwauliza hali, nanyamaza tena ili wajibu, ndipo nahesabu ng'ombe wa udongo niliowapanga mezani.

Mratibu alikuja na wazazi kadhaa. Nikaiwasha, nikaenda kusimama nyuma kabisa, mlangoni. Watoto wakasalimia. Kompyuta ikaitikia. Wakainuka, wakakaa vizuri, wakaanza kuhesabu. Kwa mara ya kwanza nikapumua.

Kwenye ng'ombe wa sita yule binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo wa pembe moja anaumwa?"

Mimi wa kwenye kompyuta nikasema, "Saba."

Binti akashusha mkono. Mmoja akaanza kugeuza mgongo, akafuatia wa pili. Mratibu akalisogelea boksi tupu la kompyuta lililokuwa sakafuni, tayari kuifungasha.

"Haumwi," nikasema kwa nguvu kutoka mlangoni. "Pembe ilivunjika nikimpanga."

Wazazi wote wakageuka kunitazama. Nilitaka kutoka nje, lakini binti alikuwa hajaridhika.

"Ana maziwa?"

"Anayo. Ana na ndama."

"Haya," akawaambia wenzake, "tuendelee." Wakarudi kwenye saba.

Mratibu akalisukuma boksi chini ya meza kwa mguu. "Nassa watasubiri nyingine," akasema.

Siku hizi nikiiwasha nakaa hapohapo pembeni yake. Yenyewe inahesabu, mimi najibu.