Pangaboi na Gumba la Kinyozi

Daktari wetu wa magonjwa ya kuambukiza tulimwita Pangaboi, kwa sababu akishaingia wodini huzunguka tu kama feni ya darini. Kiti chake nimekikalia zaidi mimi, muuguzi, kuliko yeye. Mama yake aliwahi kuniambia kwamba hata tumboni binti huyo hakumpa usingizi, nami sikuona sababu ya kubisha.

Huletewa wagonjwa walioshindikana kwingine, wenye homa zisizo na jina na vidonda visivyosikia dawa. Huwauliza maswali mpaka mtu anatamani arudi nyumbani na ugonjwa wake. Asiyeuliza hana ajifunzalo, husema, akiwa ameshafika kitanda cha pili.

Kinyozi aliletwa gumba la mkono wa kulia likiwa limevimba, na vinundu vimepanda mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa amemeza dawa za kila rangi, akapasuliwa, akakamuliwa, wapi! Usaha ulipelekwa maabara, jibu likarudi kwamba hakuna kilichoota. Daktari wa upasuaji akaona gumba likatwe kabla mkono mzima haujaharibika. Sasa kinyozi bila gumba atashikaje mkasi? Mwenyewe aligeukia ukutani akalia, na mkewe akajifanya anatandika shuka.

Pangaboi aliomba apewe siku chache. Akamuuliza kinyozi habari za kazi yake yote, kuanzia nyembe na mashine hadi taulo na vipele vya wateja. Kinyozi alijibu kwa adabu, na hakikupatikana kitu. Daktari akazunguka vitanda, akazunguka korido, chakula akakila amesimama dirishani. Nilichoka kumtazama, na kusema kweli niliogopa, maana sikuwahi kumwona ameishiwa maswali.

Kilichotuokoa ni ugomvi wa ndoa. Mke wa kinyozi alikuja siku moja amenuna.

"Lile tangi lako la samaki linanuka," alimwambia mumewe. "Wateja wanalalamika. Nani alisafishe, mimi?"

Pangaboi, aliyekuwa anapita, akasimama.

"Tangi gani, dada?"

Kumbe pale kinyozini palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi, wa kuwatuliza watoto wanaoogopa mashine. Kinyozi alilisugua mwenyewe kwa mikono mitupu, hata siku moja alipokuwa amejikata gumba akinoa mkasi. Hakulitaja kwa kuwa aliulizwa habari za kazi, na samaki kwake walikuwa starehe.

Daktari alishuka ngazi mbio kwenda maabara. Katika maji ya namna hiyo huweza kuishi bakteria mmoja, ndugu wa kifua kikuu, anayeingilia kwenye michubuko. Huota polepole na hapendi joto la mwili, ndiyo maana hupenda mikono, ambayo huwa na ubaridi kidogo. Maabara yetu ilikuwa imemweka kwenye kabati la joto pamoja na wengine, kisha ikamtupa mapema. Pangaboi akachukua usaha mwingine, akaomba visahani vya kuoteshea viwekwe penye joto dogo zaidi na visiguswe, akaanza dawa bila kungoja jibu. Daktari wa upasuaji alimwonya kwamba akikosea, kitakachokatwa si gumba tena, ni mkono.

"Najua," akajibu. "Ukidhani ninalala, muulize mama."

Wiki zikapita. Kila asubuhi alipitia maabara kabla ya kuja wodini. Nilimwambia subira huvuta heri, akaniambia nikamwambie hivyo kinyozi. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia kinyozi, naye akageukia ukutani. Kisha kinundu kimoja kikanywea. Baadaye visahani vikatoa madoa meupe, yaliyogeuka manjano yalipowekwa kwenye mwanga, ndiyo alama ya bakteria yule, na hapo hata daktari wa upasuaji akacheka.

Dawa zilipokwisha, miezi mingi baadaye, nilimburuta Pangaboi mpaka kinyozini. Hakusalimia. Alilikunja na kulikunjua lile gumba, akaangalia tangi, akauliza ni nani analisafisha siku hizi. Mke wa kinyozi akaonyesha glavu. Haikutosha, Pangaboi akataka aione mikono yenyewe.

"Daktari," kinyozi akasema, "kaa nikupunguze nywele."

Alikaa ukingoni, mguu unatikisika. Mkasi ukaanza kulia nyuma ya sikio lake, taratibu, bila kukatika. Mguu ukatulia. Kinyozi alipotaka kumgeuza kichwa, nilimwashiria amwache, kwa sababu alikuwa amelala.