Yordani na Mtani Wake wa Mkata

Nianze kwa kusema kwamba sikutaka kwenda naye. Mwaka 1976 nilikuwa nauza vitumbua kwenye geti la shamba la mkonge nje ya Korogwe, na siku nisiyouza ilikuwa siku ya kulala njaa. Lakini Yordani alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta katika kambi ya wafanyakazi, goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha, na marehemu mkewe, Stefania, ndiye aliyenifundisha kuumua unga. Nikafunga kibanda, nikanuna, nikaenda.

Yordani alikuwa Mnyamwezi wa Urambo. Alikuja mwaka 1948 akiwa manamba, mtu wa mkataba aliyejulikana kwa namba kabla ya jina, akakata mkonge miaka ishirini na minane. Mtoto hakujaliwa. Kisha nailoni ikaingia duniani, bei ya katani ikaanguka, na shamba likaanza kupunguza watu. Yeye alipewa barua ya shukrani, na katika barua hiyo hiyo akaambiwa aachie chumba ifikapo mwisho wa Agosti. Mdogo wake kule Urambo akasema njoo. Zikabaki wiki tatu za kuaga.

Nilimwuliza ataaga kina nani. Akafikiri, akaniambia ni watu wawili. Nilicheka, halafu nikaona hatanii.

Wa kwanza alikuwa Dunstan, Mshambaa wa Vugiri, aliyewahi kuwa nyapara wake. Lori lilituacha nusu ya mlima, tukamalizia kwa miguu, Yordani akisimama kila kona na kusema anatazama mandhari. Mandhari gani na ukungu ule? Dunstan alitupokea vizuri, akatulisha viazi vya moto, wakazungumza habari za watu waliokufa. Tulipoinuka kuondoka akamwuliza, "Umekwisha kwenda kwa Mhina?"

Yordani akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Usipokwenda huko," Dunstan akasema, "umeaga nusu."

Hapo lazima nieleze, maana ugomvi ule niliuona kwa macho yangu. Mhina alikuwa Mzigua wa Handeni, fundi wa korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Miaka ishirini hawakuwahi kuitana kwa jina. Mhina alimwita Yordani "mpagazi wangu", na Yordani akamwita "mtumwa wangu", na walipokutana njiani watu walisimama kusikiliza matusi. Mtani anachukua kitu chako bila kuomba, nawe hukasiriki. Na ukifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi na kufanya mzaha pale pale, ili msiba usiwavunje watu.

Stefania alipofariki mwaka 1972, Mhina alichimba kaburi lake tangu asubuhi. Jeneza lilipofika, tukamkuta amelala chali humo ndani, mikono kifuani. "Siamki!" akapiga kelele. "Siamki mpaka mpagazi aje anitoe kwa mkono wake!" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Ndivyo inavyotakiwa. Yordani naye alitakiwa ampe mkono, amtukane kidogo, mambo yaendelee. Lakini mwaka ule alikuwa ametoka kufanywa mzee wa kanisa, na uchungu ulikuwa umemjaa. Akamvuta Mhina kwa ukosi wa shati, akamzaba kofi mbele ya watu wote.

Mhina alijipangusa udongo. Akasema, "Pole sana, mzee Yordani," akaondoka. Baada ya miezi miwili aliacha kazi, akarudi kwao. Miaka minne hawakuonana.

Tulipokuwa tunateremka Vugiri nilimwambia kwamba kaburi la mama Stefania nitalifyeka mimi, asiwe na wasiwasi.

"Wewe utafyeka, Grasiana," akasema. "Lakini nani atamtania? Na mimi huko niendako, nikifa, nani atanicheka?"

Mimi Mhehe, haya mambo ya Wazigua hayanihusu.

Wiki iliyofuata tukapanda basi hadi Handeni, tukatembea saa nzima kuelekea kitongoji cha Mhina. Kitongoji hakikuwepo. Kuta zilikuwepo, lakini mapaa yalikuwa yametolewa na milango imeng'olewa, na magugu yalikuwa yameota hadi jikoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikusanya fito alituambia kwamba wote walihamishiwa kijiji kipya, Mkata, kando ya barabara kuu. Walipewa siku tatu za kujiandaa. Ulikuwa mwaka wa pili sasa.

Yordani aliingia katika nyumba aliyoonyeshwa kuwa ni ya Mhina, akakaa juu ya jiwe la mafiga. Nilimwacha kidogo, halafu nikamwambia basi litatuacha.

"Mtu wangu amebomolewa nyumba," akasema, "na mimi sikuja hata kumpa pole."

Nikataka kumkemea, nikashindwa. Alikuwa mpweke kuliko nyumba ile.

Mkata tulifika kesho yake adhuhuri. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari kama kambi yetu. Mhina alikuwa anamenya mihogo mlangoni, amekonda. Alipotuona aliinuka, akanawa mikono.

"Karibu sana, mzee Yordani. Habari za Korogwe? Habari za afya?"

Akatoa kiti chenye mto. Akamwagiza mkewe, Tatu, alete chai. Aliuliza habari za goti, habari za safari, habari za mvua. Kila swali lilikuwa na adabu yake, na kila adabu ilimkunja Yordani mabega. Mtu ambaye zamani angempora kofia na kumtuma maji, sasa anamwekea mto!

Yordani alijaribu. Akakohoa, akasema, "Mtumwa wangu, nimekuja kukuuza, naona umekonda, nitapata hasara."

Mhina akatazama chini. "Asante, mzee," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze, na mimi wala sikuwa na kosa.

Mwishowe Yordani aliweka kikombe chini. "Mhina, narudi Urambo, na sitarudi tena huku. Nilikupiga siku uliyokuja kunisaidia kulia. Sikuwa na haki."

"Yamekwisha, mzee."

"Hayajakwisha. Unaniita mzee."

Mhina akaendelea kumenya muhogo, polepole, kama kwamba ndani yake kuna kitu cha kuvunjika. Basi likapiga honi barabarani. Alitusindikiza, akampa Yordani mkono kwa heshima, akamtakia safari njema. Tukapanda. Yordani akakaa dirishani, hakugeuka.

Basi lilikuwa limeanza kuondoka mkono ulipoingia dirishani na kumnyakua kofia kichwani, kofia ya kanisani, ile nzuri.

"Kofia ya mpagazi ni mali ya bwana wake!" Mhina alikuwa anakimbia kando ya basi, ameivaa, imemziba masikio. "Nenda kichwa wazi, mzee wa hovyo!"

"Mwizi!" Yordani alipiga kelele, nusu ya mwili nje. "Mtumwa mwizi! Nitakufunga!"

Abiria walicheka. Naye alicheka mpaka vumbi likamfunika mtani wake, halafu akalia hadi Segera, nami nikamshika bega bila kununa.

Baada ya siku sita alipanda treni Korogwe, kichwa wazi. Wa kumsindikiza tulikuwa mimi na Tatu, mke wa Mhina, aliyetumwa kumletea kuku wa njiani. Mhina mwenyewe alituma ujumbe kwamba hana muda na wapagazi.

Mwaka 1978 ilinijia barua kutoka kwa mdogo wake. Yordani amefariki, amezikwa vizuri, kwaya iliimba, watu walikuwa kimya na heshima. Niliisoma mara mbili, nikaenda nayo Mkata.

Mhina alisikiliza hadi mwisho. Akavaa ile kofia, tukapanda basi pamoja hadi Korogwe. Kwenye makaburi ya shamba Mhina alinionyesha kitu ambacho sikukijua: upande wa pili wa kaburi la Stefania, ule ambao mimi sikuwa naufyeka kwa sababu ya miiba, ulikuwa umefyekwa siku nyingi. Kumbe alikuwa anakuja.

Akalala chali kando ya kaburi, mikono kifuani, kofia usoni.

"Siamki," akasema. "Siamki mpaka mpagazi aje anitoe kwa mkono wake."

Nilisubiri acheke. Jua likasogea, siafu wakaanza kumpanda miguuni, naye hakujitikisa. Nikampa mkono wangu. Akaushika, akaufungua kiganja, akautazama.

"Siyo huu," akasema, akaurudisha.