Mguu wa Mjomba Chini ya Lipiko

Mwezi uliopita, rafiki yangu, hoteli yetu huku ughaibuni, Al Garhoud, ilipambwa upya. Asubuhi moja madam msimamizi akanipa kitambaa laini nifute vumbi kwenye kitu kipya pale mapokezi. Nilipokiona nikasimama. Kilikuwa kinyago cha kuvaa kichwa kizima kama helmeti, cha mti mweusi: taya la mamba, pembe za paa, meno ya ngiri.

Mbeba mizigo wetu, mtu mzima wa Ivory Coast, alipita na mkokoteni wake akasimama pia. Yeye ni wa kabila la Wasenufo.

"Dada, huyu si wa kupambia meza," alisema kwa sauti ya chini. "Kwetu hutoka akifa mzee aliyehitimu mafunzo yote ya wanaume. Anafukuza mabaya yote yanayomvizia marehemu, ili aende kwa amani. Ndiyo maana amepewa ukali wa wanyama wote hao."

"Na ndani yake huwa nani?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la aibu. "Ndani hamna mtu, dada."

Basi nikawa mtoto wa miaka tisa tena, Newala, juu kule kwenye uwanda wa Wamakonde.

Sisi tuna lipiko. Nalo huvaliwa kichwa kizima, na mchezaji hufunikwa nguo mwili wote na kufungwa njuga. Hutoka vijana wanaporudi kutoka jandoni. Bibi alituambia ni mtu wa kale aliyeitwa na wanaume kutoka makaburini, nasi tuliamini kabisa. Siku hizo kijiji kilinukia ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, na kuku wa kukaanga. Wanawake waliteremka bondeni alfajiri kuchota maji, maana juu kwetu visima havikuwepo, na sisi wasichana tulifuata nyuma na vindoo vyetu, tukiulizana kama safari hii lipiko litatukimbiza.

Mwaka ule mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amejikata kwa shoka. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilitoka chote. Masika yote mimi ndiye niliyemwosha kidonda kwa maji ya moto yenye chumvi. Aliuma meno, kisha akanisifia kwamba nina mkono mwepesi. Mguu ule niliujua kuliko wangu.

Ngoma zikalia mchana kweupe. Lipiko likatoka likitetemesha mabega, njuga zikipiga kelele, wanawake wakakimbia huku wakipiga vigelegele. Likaja moja kwa moja upande wetu. Nilijikwaa nikaanguka, na nilipofungua macho, mbele ya pua yangu palikuwa na mguu wenye vidole vinne.

Nilifungua mdomo. Jina lake lilikuwa tayari ulimini. Lakini juu yangu lile lipiko lilikuwa limesimama kimya, halichezi, na hata wapiga ngoma walikuwa wamepunguza mkono. Nikaelewa kwamba kuna kitu kikubwa kitavunjika nikisema, na kwamba mjomba ndiye atakayeaibika. Nikapiga yowe la woga, kwa nguvu zangu zote, nikakimbilia kwa bibi. Ngoma zikachanganya tena.

Jioni mjomba alikuja nyumbani, ameoga, anajikaza asioneshe uchovu.

"Nasikia leo umeanguka," aliniambia. "Umeona nini?"

"Nimeona lipiko, mjomba."

"Likoje?"

"Linatisha. Nusura nife."

Alichukua firigisi kwenye sahani yake, kipande ambacho kwetu msichana hapewi, akaniwekea kiganjani. Bibi aliona. Akageuka kukoroga mboga ambayo ilikwisha kuiva.

Miaka mitatu baadaye nilichezwa unyago, na wanawake wakatufichulia kwamba mapiko ni baba zetu na kaka zetu. Wenzangu walishangaa. Mimi nilishangaa pia, vizuri tu. Mjomba alifariki nikiwa huku. Nililia chooni kwenye zamu, nikanawa uso, nikarudi kutandika vitanda.

Juzi binti yangu, anayeishi na mama yangu Mtwara, alinipigia. "Mama, leo shuleni wameleta lipiko! Ni yule fundi pikipiki. Alivua akanywa soda."

"Hukuogopa?"

"Nimwogopeje, na namjua?"

Nikacheka naye. Simlaumu fundi, jua la Mtwara ni kali, na soda ni tamu. Lakini utoto wangu ulikuwa na watu wazima chungu nzima waliokubaliana kunitisha, kila mmoja akijua, kila mmoja akikimbia kwa ajili yangu, na kila mmoja tayari kunipakata nikitaka pa kujificha. Binti yangu nimemtumia viatu, begi, hata simu. Hilo nililopata mimi silioni dukani, na hata ningelipata, sijui ningelifungaje kwenye boksi.