Ubatizo Uliosubiri

Jumapili iliyopita nilikuwa ufukweni mwa Ziwa Mweru, hapa Nchelenge, nikitazama ubatizo. Aliyebatiza ni diwani wetu, ambaye pia ni mchungaji. Alisimama majini mpaka kiunoni, kanzu yake nyeupe ikielea, mkono wake begani mwa bibi aliyekuwa karibu kubatizwa wa kwanza.

Mara boti ya injini kutoka kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani, ikaingia kwa kasi. Ndani yake alilala mama mjamzito, akilia kwa uchungu wa kuzaa.

Diwani akamwomba bibi samahani, akaiendea boti. Mzee wa kanisa akapaza sauti, "Pasta, batu banangoja ubatizo!"

"Ziwa haiende fasi yoyote, itabakia hapa," akajibu. "Mukuje tubebe huyu mama."

Yeye na wavuvi wawili wakamlaza mama kwenye gari lake. Akaliendesha mwenyewe hadi hospitali, kanzu ikichuruzika maji.

Hakuna aliyeondoka. Watu waliimba mpaka jua likawa kali. Aliporudi, yule bibi ndiye aliyemuuliza, "Baba, mama iko namna gani?"

"Amezala mutoto mwanamuke. Bote babili beko bazima."

Kusikia mama na mtoto wake wa kike wote ni wazima, ufukwe mzima ukalipuka vigelegele, hata sisi wa makanisa mengine tuliokuja kutazama tu. Kisha diwani akarudi majini na yule bibi, ubatizo ukaendelea.

Wapo wanaosema achague moja, kanisa au udiwani. Mimi sijui asubuhi ile aliyembeba yule mama ni mchungaji au diwani. Najua ni mtu wa kwetu, nami nilirudi nyumbani kifua mbele.