Shamba Nililolipalilia Kupita Kiasi

Kwetu Kau tulikula wali na samaki. Mboga za kuota zenyewe sikuzijua. Nilipoolewa Wenje, huko juu mtoni, katika miaka ya hamsini, nilitaka mama mkwe anione mchapakazi. Wiki ya kwanza tu nikashika jembe, nikapalilia mahindi yake mpaka udongo ukabaki mtupu.

Alipofika alilitazama shamba lote. Kisha akainama, akaokota mmea mmoja kwenye lundo la magugu.

"Huu umekukosea nini?"

"Kwani si gugu, mama?"

"Huu mgagani. Ndicho kitoweo chetu cha leo."

Machozi yakanilengalenga. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanipapasisha shina lile, lenye vinyweleo na linalonata. Akanihesabia majani matano yaliyotoka kwenye kikonyo kimoja kama vidole. "Maua yake meupe. Ukiona ya manjano, achana nayo."

Siku chache baadaye nikachuma peke yangu, mimea michanga isiyo na ua hata moja. Baba mkwe alionja tonge moja, akatoka nje kutema. Nilikuwa nimepika ule wa manjano! Mama mkwe alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile.

Msimu huo tuliacha mashina mawili yakomae. Maganda yake membamba ya mbegu yalipokauka, tuliyakung'uta pale walipokuwa wakilala mbuzi, tukafunika mbegu kwa udongo kidogo tu. "Ukizizika hazioti," alisema. Mvua ya kwanza ikaziotesha, na tangu hapo hatukupanda tena. Zilijimwaga na kuota zenyewe.

Mwaka uliofuata mto ulifurika ukachukua mahindi yote na migomba. Nililia nikitaka kurudi kwetu. Maji yalipopungua, kabla tope halijapasuka, mgagani ulikuwa umejaa kila mahali. Tuliuchemsha, tukamwaga maji ya kwanza yenye uchungu, tukaupika kwa maziwa tuliyopewa na wanawake wafugaji wa Kiorma. Majirani walikuja na vikapu vyao, tukachuma pamoja asubuhi nzima, wao wakisema Kipokomo, mimi nikijibu Kiswahili cha Kau. Mama mkwe akawaambia, "Mwanangu huyu atawaonyesha ulio mzuri."

Sikuzungumza tena habari ya kurudi. Mpaka leo nikisikia harufu ya mgagani sokoni, namkumbuka yeye.